Deni Iliyofika ku Tribinali: Namna ya Kusafisha Jina

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanamemba



Komite ilituomba tuzungumze juu ya neno moja lenye kuleta kelele mingi mu vikundi tangu msimu wa kulima uanze: memba mwenye alihukumiwa na tribinali juu ya deni. Anaweza kupata kredi tena? Kikundi kinapaswa kumtoa? Sisi wa tereni tunasikia maneno hayo karibu kila juma, na mara nyingi mwenyewe hayuko pale ili ajitetee.

Tuanze na hofu, juu hofu njo inaharibu mambo ya kwanza. Watu wengi wakiona karatasi ya tribinali, wanafikiri wataenda gereza. Wengine walifunga mizigo usiku na kuvuka ziwa kurudi Kigoma, kule tulikotoka. Ndugu zetu, deni peke yake siyo kosa la kufungia mtu. Inchi yetu iliingia mwaka 1976 mu mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia, na kifungu cha 11 kinasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya mkataba. Kama polisi anakuita juu ya deni ya kawaida, unaweza kumwambia kwa heshima kwamba hiyo ni kazi ya tribinali. Lakini tusidanganyane: mwenye alichukua pesa kwa uongo, ao alikula kitu alichowekewa amana, huyo anaweza kushitakiwa kwa kosa la jinai. Hiyo ni hadithi ingine.

Sasa, jina lenyewe linaharibikia wapi? Wengi wanafikiri juje anatuma majina ku mabenki. Sivyo. Mwenye kutoa habari ni ile nyumba iliyokukopesha, iwe benki, kooperative ya akiba ao mikrofinansi. Inatangaza deni mbaya ku Santrali ya Riski ya Banki Kuu ya Congo, na wakopeshaji wengine wanaweza kuangalia kule mbele ya kutoa kredi. Tena kuko njia ya pili, isiyoandikwa: maajenti wa kredi wanajuana na wanaulizana. Kwa hiyo ukilipa kimyakimya bila kubakia na karatasi, jina lako linaweza kubaki chafu hata kama deni imekwisha.

Tutoe mfano wa memba wetu mmoja. Alituruhusu tuueleze, bila kutaja jina lake. Ni mama mwenye kuuza ndagala. Shemeji yake alichukua kredi ya dola 300 ku kooperative moja, na yeye akatia kidole kama mdhamini. Shemeji alilipa kidogo, kisha akaenda kutafuta zahabu kule Misisi, akanyamaza. Karatasi ya tribinali ilipofika, mama alikuwa shambani. Ilipokelewa na jirani, ikawekwa juu ya kabati. Juje alihukumu bila yeye kuwa pale. Mama alijua siku kikundi chake cha watu kumi kilipoomba kredi ya mbegu. Jibu lilikuja: watu tisa wako sawa, mmoja iko na hukumu, basi wote kumi hapana.

Siku ile watu tisa walitaka kumtoa. Tunawaelewa. Mvua haingojee mtu. Lakini tuliwaomba siku chache, na hivi njo tulifanya pamoja naye.

Kwanza, tulienda ku grefe ya tribinali kuomba kopi ya hukumu. Usibishane na kitu hujakisoma. Mu kopi ile tulikuta anadaiwa dola 300 zote, na huku mke wa shemeji alikuwa bado na resi za malipo ya dola 120, zimefungwa mu kitambaa.

Pili, tulihesabu siku. Hapa musikilize vizuri. Mtu aliyehukumiwa bila kuwa pale iko na siku 15 za kufanya opozisyo, maana yake kuomba kesi isikilizwe tena naye akiwapo. Siku hizo zinahesabiwa tangu wisiye alipomkabizi hukumu mkononi. Kama hakuipewa mkononi, tangu siku alipopata habari yake. Kukata rufaa ni siku 30. Na kuko karatasi ya namna ingine inaitwa enjonksyo ya kulipa, ya sheria za OHADA, zinazofanya kazi kwetu tangu mwaka 2012. Ile juje anaitia saini kwa ombi la mdai bila kukuita wewe. Siku za kuipinga ni chache na zimeandikwa ku karatasi yenyewe. Ukinyamaza, inakuwa na nguvu sawa na hukumu. Basi yule mwenye kuweka karatasi juu ya kabati anatupa siku zake mwenyewe.

Tatu, tuliangalia udhamini. Sheria ya OHADA inasema mdhamini aandike kwa mkono wake kiasi anachodhamini, kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika awe na mashahidi wawili, wenye kuhakikisha kama yeye njo yule na kama alielezwa uzito wa kile anachokubali. Ba mama wenye kutia kidole, mushike hiyo: mashahidi wawili, na maelezo mu luga unayosikia. Pasipo hivyo, kuko neno la kusema mbele ya juje.

Mama wetu hakutaka kuikana deni. Alisema, “Kidole ni changu, nitalipa, lakini siyo leo yote.” Opozisyo yake ilipokelewa, resi za dola 120 zikahesabiwa, ikabaki 180. Kisha akaomba muda, juu sheria inamruhusu juje kugawanya malipo mu muda usiopita mwaka mmoja, akiangalia hali ya mwenye deni na mahitaji ya mwenye kudai. Alipewa miezi 12, dola 15 kila mwezi. Leo iko ku mwezi wa saba. Shemeji hajatuma hata franka moja.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sisi tunaongeza: na kulipa kwenyewe kuwe na karatasi. Ukimaliza, usirudi nyumbani na furaha tupu. Omba mkopeshaji barua yenye mhuri inayosema deni ya hukumu fulani, ya tarehe fulani, imelipwa yote. Peleka kopi moja ku grefe, ingine iweke ku komite, na ile ya kwanza ibaki kwako, siyo mu nyumba inayovuja. Halafu umwombe mkopeshaji kwa maandishi arekebishe habari zako ku Santrali ya Riski. Yeye njo alitangaza ubaya, yeye njo anapaswa kutangaza kama umekwisha. Rudi kuuliza mpaka ifanyike.

Kuko shida ingine inayotugusa sisi waliorudi kuliko wengine wote: majina. Mu kambi ya Nyarugusu ao Lugufu uliandikwa kwa namna moja. Ku karatasi ya kurudishwa namna ingine. Ku kadi ya kura jina la ukoo likaja mbele na mwaka wa kuzaliwa ukabadilika. Matokeo ni mawili. Hukumu ya mtu mwingine mwenye jina kama lako inakuangukia wewe, ao barua yako ya malipo inakataliwa kwa kuwa majina hayalingane. Mbele ya kuomba kredi yoyote, uleteni kadi zenu tuzilinganishe. Mukope kwa jina lile la kadi ya kura, herufi kwa herufi.

Tena neno moja juu ya bank lambert. Mtu mwenye hukumu akikataliwa kila pahali, anakimbilia kule, kwa wakopeshaji wa mtaani wenye faida kubwa. Anazima moto kwa petroli. Kumtoa mtu mu kikundi mara nyingi ni kumsukuma kwa mlango ule.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo matatu mbele ya mkutano huu.

La kwanza: memba mwenye hukumu asitolewe kama anafanya mambo mawili, yaani analeta kopi ya hukumu ku komite na analipa kwa mpango wenye kuandikwa. Mwenye kuficha, huyo kikundi kimwamulie.

La pili: sehemu ndogo ya kese ya msaada itumike kwa safari ya ku tribinali na kwa kopi za karatasi. Siyo kulipa deni ya mtu. Kese ikianza kulipa madeni, mu miezi michache itakuwa tupu, na mwenye kuweka akiba yake kwa uaminifu ataona kama anachekwa.

La tatu ni kwa wafadhili wetu, na tunalisema kwa heshima yote. Mukituomba kikundi chenye watu wote “safi,” munatuomba tuwatoe wale wenye walidhamini ndugu zao, na wengi wao ni ba mama. Mutupatie nafasi ya kuonyesha mpango wa malipo na resi. Mwenye kulipa dola 15 kila mwezi kwa miezi saba, na deni siyo yake ya kwanza, huyo ameshaonyesha uaminifu wake kuliko mtu asiyejaribiwa bado.

Ule kikundi cha watu kumi kinangojea. Mbegu za msimu huu ziliwapita. Walilima na zile walizobakisha. Msimu unaokuja utafika mama akiwa amebakiza miezi michache tu, na mukipitisha pendekezo la kwanza leo, ataingia mu orodha pamoja na wenzake. Karatasi za kura ziko mezani kwa sekretere.