Kuitawala Nafsi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya watumishi, Mchukwi)



Tumetakiwa tuseme habari ya mtu kuitawala nafsi yake, na jinsi jambo hilo limfikishavyo upeo wa uwezo wake. Sisi watumishi twazijua amri: saa ya kuingia kazini, saa ya kutoka, na daftari la kutia sahihi. Amri hizo humfanya mtu awepo, hazimfanyi akue. Kukua huanza pale amri ya mkubwa inapokoma, mtu akabaki na amri yake mwenyewe.

Hapa Rufiji mfano hauko mbali. Mpunga uanzapo kutia punje, mkulima huhamia dunguni bondeni, akaamia ndege tangu alfajiri hata jua kuchwa, na usiku akawakesha nguruwe. Hana msimamizi wa kumwamsha. Lakini ajua ya kuwa ndege hawana sikukuu, na kwamba uzembe wa siku moja waweza kula jasho la miezi.

Na katika watumishi tumtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa Tanga mwaka 1909. Aliingia ukarani katika Idara ya Forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali kwa miaka zaidi ya 30, na vitabu vyake vingi alivitunga angali kazini. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vya 1939 hata 1945, una beti zipatazo 3,000. Natuhesabu: mtu atungaye beti mbili kila siku atahitaji siku 1,500, yaani miaka minne na zaidi. Beti mbili si mzigo kwa mwenye kipaji. Mzigo ni kuzitunga siku ya uchovu, siku ya huzuni, na siku ambayo rafiki wabisha hodi wakitaka mazungumzo.

Wala tusidhani kwamba faida na hasara ya jambo hili ni yetu peke yetu. Mtu atokaye delta husafiri kwa kufuata maji. Akifika ofisini akakuta kiti kitupu, maji humpita, naye hulala ugenini kwa fedha asizonazo. Saa moja ya uzembe wa mtumishi humgharimu mwananchi siku nzima.

Basi, ndugu, tusiahidi makubwa. Kila mmoja wetu achague jambo moja dogo: nusu saa ya kusoma kila jioni, au fungu la mshahara liwekwalo kabla ya kutumia, au barua ya leo kujibiwa leo. Alishike hata siku asiyoipenda. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hakijai kwa mwenye kutia leo na kusahau kesho.