Chapati Haina Lebo



Nimealikwa nizungumzie mtazamo wa wanafunzi wa vyuo vikuu kuhusu vyakula vilivyopunguzwa mafuta na sukari. Ya Ancel Keys aliyelaumu mafuta, na ya John Yudkin aliyelaumu sukari, mnayajua; nayapita. Kinachonikera ni rai iliyozoea kupigiwa makofi, kwamba mwanafunzi wetu anakula vibaya kwa kuwa hajaelimishwa, na kwamba akielimishwa atachagua mtindi usio na mafuta na soda isiyo na sukari.

Atavichagulia wapi? Tupande matatu ya namba 8 hadi Olympic, Kibera, wadi ya Sarang'ombe, wanakopanga waliokosa chumba hostelini. Asubuhi ni chai ya maziwa na mandazi, mchana chapo madondo, yaani chapati na maharagwe, jioni smokie pasua, soseji iliyopasuliwa yenye kachumbari, au chips za barabarani. Kawangware ni yale yale. Vyote hivyo huuzwa bila karatasi ya kueleza kilichomo. Kisha hojaji inamwuliza kijana kama husoma lebo kabla ya kununua. Anajibu "mara chache", na mtafiti anaandika: uelewa mdogo. Lebo ipi, jamani? Anayeamua kiasi cha mafuta ni mama wa kibanda, naye anaangalia bei ya unga, bei ya mafuta ya kupima, na ladha itakayomrudisha mteja kesho.

Rai hiyo pia inachukulia kwamba anayekataa vyakula vilivyopunguzwa mafuta na sukari ni mjinga. Niliwahi kumwomba mama mmoja pale Kibera Drive strungi, chai ya rangi, isiyo na sukari. Alinitazama, akapunguza sauti: "Pole, Daktari. Ilianza lini?" Vijana waliokuwa kwenye benchi wakajisogeza nikae vizuri. Chai bila sukari ni ya mgonjwa, na kijana wa miaka 20 hataki kuonekana mgonjwa mbele ya wenzake. Habari za kisukari anazo. Pengine nyumbani kwao yuko anayekiugua.

Nikiri kwamba hesabu ina faida yake. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Anayekunywa vikombe vitatu vya vijiko vitatu vitatu amebakiza vitatu tu, na soda moja itampitisha. Lakini shirika hilo hilo, mwaka 2023, lilishauri tusitegemee vitamu visivyo sukari kudhibiti uzito. Basi ile soda isiyo na sukari tuliyotaka kumhubiria imetuponyoka.

Tena kelele za sukari na mafuta zimetusahaulisha chumvi. Niruhusuni nikae kidogo na makala ninayoipenda kupita kiasi. Wanafunzi wangu hucheka kila nikiitaja. Mwaka 1990, katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, Neil Poulter, Mugambi na wenzao walichapisha utafiti wa Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kuja Nairobi. Hawakutegemea hojaji peke yake. Waliwafuata tangu walipowasili, wakawapima shinikizo la damu, uzito na mkojo, wakawalinganisha na waliobaki kijijini. Uzuri ulioje! Shinikizo lilipanda mapema baada ya kuhama, na mkojo ukaashiria sababu mojawapo: sodiamu, ile ya chumvi, juu, potasiamu chini. Elimu yao haikupungua ndani ya basi la kuja mjini. Kilichobadilika ni sahani.

Ndiyo maana bado naililia mess, bwalo la chuo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyuo vikuu vya umma vilipoanza kugawana gharama na wanafunzi, mlo wa pamoja ulikufa na kila mwanafunzi akaanza kulipia anachokula. Najua mkate na sukari vilijaa kwenye meza zile za zamani. Najua pia mwenye pesa hukimbilia chips kuku mkopo wa HELB unapoingia. Nimeyapima hayo yote na sijabanduka. Kabla ya kuchapisha hojaji nyingine, chuo hiki kiweke mlo mmoja wa mchana wenye ruzuku, githeri, sukuma na ndizi mbivu, na mpishi apimiwe chumvi kwa kijiko. Kamati ya fedha inakutana Jumatatu. Nitakuwa mlangoni.