Saratani: kabla ya mashine, hesabu

Wenzangu, mimi nasomea siasa, si udaktari. Ila kila mdahalo nasikia ahadi ileile: "Tutaleta mashine za saratani!" Makofi pwaa. Sawa, lakini nani atawalipa watafiti wafike kule barabara inakoishia?

Angalieni Bomet. Madaktari wa hospitali ya Tenwek waliona saratani ya umio, yaani njia ya chakula, ikija mara nyingi, hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Wakaandika, wakahesabu. Leo watafiti wanachunguza sababu, mojawapo chai ya moto sana. Bila rekodi, hayo yangebaki uvumi wa sokoni.

Sasa mfikirie mfugaji wa Turkana au Marsabit anayefia bomani bila kupimwa. Hayumo kwenye hesabu, na bajeti hufuata hesabu. Asiyehesabiwa hapangiwi kitu.

Tangu 2013 sehemu kubwa ya huduma za afya iko mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo mgombea akija kwenu, msiishie kwa mashine. Mwulizeni: rejista yetu ya saratani iko wapi? Imetengewa shilingi ngapi? Na wakishatupima, nani atarudi kutuambia walichokipata, kwa lugha yetu?