Nukta ya Pakiti si Nukta ya Hesabu

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo, darasa la jioni)



Najua wengine mtashangaa. Mmezoea nikisimama hapa tunazungumza juu ya mbegu, vyoo bora au hesabu za duka. Leo nasimama kuzungumza juu ya rangi ya nywele, na mimi mwenyewe kichwa nimenyoa! Chekeni tu. Lakini mazungumzo haya ni deni ninalolilipa. Kuna mama mmoja hapa kijijini ambaye nywele zake ziligeuka nyekundu kwa sababu ya hesabu niliyomfundisha mimi. Jina lake silitaji, ingawa yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie.

Mama huyu alikuwa anaoza binti yake. Mvi zimemjaa mbele, na siku ya harusi kila mtu anamtazama mama wa bibi arusi. Akaenda gulioni kununua rangi. Zamani angemwambia muuzaji, "Nichagulie." Safari hii alisema, mimi nimehitimu, nitasoma mwenyewe. Akaona pakiti yenye namba 4, rangi ya kahawia. Pembeni yake akaona nyingine, 4.6. Akakumbuka somo la nukta: nne nukta sita imezidi nne na nusu, bado haijafika tano. Akaona basi hii ni kahawia ile ile, imepungua weusi kidogo tu. Akanunua.

Jumamosi akapaka. Alipoosha, mvi zote za mbele zilikuwa nyekundu kama tofali la kuchoma. Zile nywele nyeusi nazo, akitoka juani, zinawaka wekundu.

Jioni akaja kwangu, kanga imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba. Mwalimu, nne nukta sita ni ngapi?" Nikajibu, "Ni nne na sehemu sita za kumi." Akavua kanga. "Basi tazama sehemu sita zako."

Ndugu zangu, sikucheka. Sikucheka kwa sababu kwenye kikapu chake niliona chupa ya dawa ile ya klorini, ya kung'arisha nguo nyeupe. Jirani alimwambia apake robo saa, wekundu utatoka. Harusi zimebaki siku kumi na mbili.

Hiyo chupa nilimwomba anipe. Dawa ya klorini haichagui rangi ya kuondoa. Inaunguza ngozi ya kichwa na kuyeyusha unywele wenyewe. Tena ikikutana na amonia, na amonia imo katika rangi nyingi za nywele, hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Ukiingia nayo chooni ukafunga mlango, unaweza usitoke kwa miguu yako. Wekundu wa nywele ni aibu ya wiki mbili. Kidonda cha kichwa ni jambo jingine.

Kesho yake nilipanda basi kwenda mjini kwa dada mmoja msusi, nikauliza. Nikapita na kwa muuguzi. Haya ninayowaambia ndiyo niliyojifunza, na baadaye niliyasoma mwenyewe.

Tuanze na ile namba. Kwenye pakiti ya rangi ya nywele, nukta haigawi kitu katika sehemu za kumi. Inatenganisha habari mbili. Namba iliyo kabla ya nukta inasema nywele zitakuwa nyeusi au nyeupe kiasi gani: 1 ni nyeusi kabisa, 4 ni kahawia, na 10 ni njano iliyokaribia weupe. Namba iliyo baada ya nukta inasema rangi hiyo imeegemea wapi. Katika pakiti nyingi 1 ni rangi ya jivu, 3 ni dhahabu, 4 ni shaba, na 6 ni nyekundu. Kwa hiyo 4.6 ilikuwa inamwambia mama wazi kabisa: "Mimi ni kahawia yenye wekundu." Wengine badala ya nukta huweka mkwaju, wakaandika 4/6, au huweka kistari.

Hapa pana tatizo. Watengenezaji hawakukubaliana wote. Wako ambao 6 yao ni zambarau na wekundu wao wameupa 4. Kwa hiyo usisome namba peke yake, soma na maneno yaliyo chini yake. Nyingi ni za Kiingereza. Shika neno moja tu, lina herufi tatu, A-S-H. Hilo ndilo jivu, na ndilo tutakalolihitaji. Picha ya msichana kwenye pakiti msiiamini sana. Ile inaonyesha rangi ilivyokaa kwenye nywele za yule msichana. Zako ni zako.

Lakini mama akaniuliza swali zuri. "Mwalimu, mvi zimekuwa nyekundu kwa sababu ya ile 6, nimeelewa. Mbona dada yangu alipaka kahawia tupu isiyo na 6, na baada ya mwezi zikawa nyekundu vile vile?"

Jibu liko ndani ya unywele. Weusi wa nywele zetu si kitu kimoja. Kuna rangi ya asili iliyo nyeusi na kahawia, na kuna nyingine iliyo nyekundu na njano. Ile nyeusi imezidi sana, kwa hiyo nyekundu hatuioni. Sasa pakiti ya rangi ina chupa mbili. Moja ina rangi na amonia. Ya pili ina peroksaidi, ambayo hufanya rangi ikomae ndani ya unywele. Peroksaidi hiyo hiyo hula rangi ya asili, na ile nyeusi ndiyo inayotangulia kuliwa. Nyekundu inabaki. Mwanzoni rangi mpya ya dukani inaifunika. Ukiosha mara kumi, mara kumi na tano, ukifanya kazi shambani jua likikupiga, ile ya dukani inafifia na wekundu uliokuwa chini unachungulia. Mmeona kofia nyeusi ya shambani inavyogeuka wekundu kwa jua? Macho yanaona hivyo hivyo.

Ndiyo maana watu wengi wanapokosea, wanakosea mara ya pili vibaya zaidi. Anaona wekundu, anadhani ni uchafu wa kuondoa. Anatafuta peroksaidi kali. Kumbe kila ukiondoa unapanda ngazi: nyeusi, halafu nyekundu, halafu rangi ya chungwa, halafu njano. Mtu alikuwa na wekundu wa kujificha kwa kanga, sasa ana kichwa cha chungwa, na nywele zinakatika kwenye kitana.

Wekundu haufukuzwi. Unafunikwa kwa rangi inayopingana nao.

Hebu nisaidieni. Nani anakuja ubaoni? Chukua chaki nyekundu, paka hapo mraba mdogo. Sasa juu yake pitisha chaki ya kijani. Sugua kwa kidole. Mnaona nini? Si nyekundu tena, wala si kijani. Imekuwa rangi ya udongo. Hiyo ndiyo siri ya wasusi wote. Nyekundu huuawa na kijani, chungwa huuawa na buluu, njano huuawa na zambarau. Na ile rangi ya jivu, A-S-H, ndani yake imetiwa ubuluu au ukijani. Ukiipaka juu ya wekundu, wekundu unazimika, inabaki kahawia.

Basi mama yetu tulifanya hivi. Siku za kwanza hakupaka kitu. Aliosha nywele mara tatu kwa shampuu, kwa sababu rangi nyekundu ya dukani hufifia upesi kuliko rangi nyingine nyingi, na akapaka mafuta ya nazi nywele zipumzike. Halafu akanunua pakiti mbili za mtengenezaji mmoja, moja 4 tupu na moja 4.1. Kwa nini mbili? Msusi alinieleza kwamba mvi ni kaidi, na jivu peke yake juu ya mvi inaweza kutoa rangi iliyokufa, hata yenye ukijani. Nusu kwa nusu ndiyo nzuri. Tena usishuke kwenda namba ya juu. Baki pale pale au rudi kwenye weusi zaidi, 4 au 3.

Kabla ya kupaka, alijaribu. Akina mama, hapa ndipo watu wanaporuka, na hapa ndipo pana hatari. Rangi nyingi za kahawia na nyeusi zina dawa inayoitwa kwa kifupi PPD. Kuna watu ambao ngozi zao haziikubali kabisa: uso unavimba, macho yanafumba, kichwa kinatoka malengelenge. Na mtu anaweza kupaka miaka mitano asidhurike, mara ya sita ikamkataa. Kwa hiyo alipaka tone dogo nyuma ya sikio kama pakiti ilivyoelekeza, akangoja saa 48. Hizo ni siku mbili kamili, si usiku mmoja. Kungekuwa na mwasho au wekundu wa ngozi, harusi angeenda na kilemba, basi. Kisha akakata kishungi kidogo cha nywele kisogoni, akakipaka ile nusu kwa nusu, akaona rangi itakavyokuwa. Kama ingemchukiza, angepoteza kishungi tu.

Siku tatu kabla ya harusi alipaka. Glavu mikononi, mafuta ya mgando pembeni mwa uso, bakuli la plastiki. Bakuli la bati au sufuria usitumie. Alianza na mvi, akafuata saa ya ukutani kama pakiti ilivyosema, wala hakuongeza dakika. Mchanganyiko uliobaki aliumwaga, maana ukifungiwa ndani ya chupa hujaa hewa na kupasuka. Nyusi hakuzigusa. Rangi hii ikiingia jichoni inaweza kupofusha.

Na wale mnaotia dawa ya kulainisha nywele, msifanye yote mawili juma moja. Acheni angalau majuma mawili katikati. Kichwa chenye kidonda au ukoko hakipakwi chochote.

Bibi mmoja pale nyuma ananionyesha nywele zake. Bibi, zako ni hina, na hina ni habari nyingine. Jani la mhina halina weusi. Likikauka na kusagwa hutoa wekundu na uchungwa tu, na rangi yake hushikamana na unywele hata isitoke kwa kuosha. Ukiona pakiti imeandikwa hina nyeusi, jua kuna kitu kingine kimetiwa humo. Mara nyingi ni PPD, na pengine ni chumvi za madini. Hizo chumvi zikikutana na peroksaidi kichwani, nywele hupata moto na kukatika. Kwa hiyo hina ya pakiti usiyoijua usiipandishie rangi ya dukani bila kujaribu kishungi. Aliyepaka hina safi na anataka kuizima wekundu, anaweza kupaka unga wa nili juu yake, nili ya majani ya mmea, iliyokorogwa kwa maji matupu na kupakwa mapema. Itakuwa kahawia iliyoiva au nyeusi. Ile buluu ya kufulia siyo hiyo, jamani.

Na piko? Najua ndiyo inayokimbiliwa, ni rahisi, na inafunika wekundu wote siku moja. Sitaki kuwaficha. Unga ule mweusi unaopimwa kwa karatasi sokoni mara nyingi ni PPD nyingi kupita kiasi, na hakuna maandishi ya kusoma. Ikimezwa, koo huvimba mtu akashindwa kupumua, na figo hufa. Madaktari wa Sudan wameandika juu ya wagonjwa wengi wa namna hiyo. Nyumba yenye watoto haifai kuwa na unga huo. Mkiuziwa rangi isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe, mnaweza kulalamika kwa Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linaloshughulikia vipodozi.

Mmeniuliza harusi ilikuwaje. Ilikuwa nzuri. Kichwa cha mama kilikuwa cha kahawia, ila kwenye panja, jua la saa tisa lilipompiga, wekundu kidogo ulionekana kwa anayejua. Anayejua ni mimi na yeye. Sasa anasubiri nywele ziote. Zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, na anasema hana haraka.

Pakiti zake zote tatu amenipa, ziko hapa mezani. Hii ya kwanza ndiyo iliyoleta mambo. Nani atatusomea namba yake, na kutuambia nukta imesema nini?