Ni Nani Ahesabuye Fedha za Jeshi?

Maneno ya mazungumzo kwa watu wa Miasenyi, katika sehemu ya Voi, na kwa kila raia apendaye kujua jinsi Bunge linavyolisimamia jeshi la nchi.



Mchungaji wa ng'ombe katika nyika ya Miasenyi hupewa mkuki na mwenye ng'ombe. Hupewa kwa sababu nyika ina simba, na mtu asiye na silaha hawezi kulinda mali ya mwenziwe. Mwenye mali hamfuati mchungaji mchana kutwa akimwambia, "Pita hapa, simama pale." Simba atokapo kichakani, mchungaji ndiye ajuaye la kufanya. Lakini jua likitua, mwenye mali husimama mlangoni mwa boma na kuhesabu. Akikosa ndama mmoja, huuliza. Mchungaji mwema hachukizwi na swali hilo, kwa kuwa ndilo limpalo sifa yake. Mchungaji mbaya ndiye asemaye, "Mwenye mkuki haulizwi."

Jambo la jeshi na Bunge ni kama hilo. Raia ndiye mwenye mali, askari ndiye mchungaji, na Bunge ni jicho la raia mlangoni mwa boma.

Watu wengi hudhani ya kuwa fedha za jeshi ni fedha za Serikali, nazo hazimhusu mtu wa kijijini. Hayo si kweli. Mama auzaye chai kando ya barabara kuu ya Mombasa hununua sabuni, na ndani ya bei ya sabuni mna kodi. Kijana atiaye fedha katika simu yake hulipa kodi. Mwenye lori asimamaye kununua mafuta hulipa kodi. Shilingi hizo zote huenda katika mfuko mmoja, na kutoka mfuko huo hununuliwa dawa za zahanati, vitabu vya shule, na pia bunduki, ndege na meli za vita. Katika miaka ya karibuni sehemu ya Wizara ya Ulinzi imepita shilingi bilioni 100 kila mwaka. Basi asiyejua habari za fedha hizo hajui habari za mali yake mwenyewe.

Tena watu wa sehemu hizi wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine, kwa maana wamewahi kuona jeshi lisiloulizwa na wenye nchi.

Mwaka 1915, katika vita kuu ya kwanza, reli ya vita ilianza kujengwa kutoka Voi kuelekea Maktau, ili majeshi ya Waingereza yawafikie Wajerumani waliokuwa wameishika Taveta. Reli ilikuja na wapagazi, wale walioliachia jina la Kariakoo mitaa ya miji hata leo. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita ile, na waliouawa na maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi. Mishahara ya wengi wa wafu hao haikufika mikononi mwa jamaa zao. Ni nani aliyesimama kuiuliza Serikali? Katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya hapakuwa na Mwafrika hata mmoja wakati ule. Wa kwanza, Bwana Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, miaka 26 baada ya vita kwisha.

Kisha yakaja mambo ya Mackinnon Road, kwenye njia ya kushukia Mombasa. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza iliazimu kujenga hapo bohari kubwa ya vifaa vya jeshi, kwa kuwa ilikuwa ikiondoka India na Palestina na haikuwa na hakika ya kukaa Misri. Nyika ilifyekwa, mabanda makubwa yakasimamishwa, watu wengi wakaajiriwa. Baada ya miaka michache kazi ikaachwa, na mali iliyotumika haikurudi. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, mahali pale pakaja kuwa kambi ya kufungia watu. Habari za gharama hizo ziliulizwa katika Bunge la London, maana Waingereza wana desturi ya kale katika jambo hili: tangu sheria ya mwaka 1689, mfalme wao hawezi kuweka jeshi wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Lakini Mtaita na Mduruma, ambao nyika ilikuwa yao, hawakuwa na kura ya kumpeleka mtu London kuuliza kwa niaba yao.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya zamani na sasa. Siku hizi mwenye kura yupo hapa Miasenyi, na mbunge wa Voi ni mtu wa kumwuliza.

Yafaa kueleza jinsi kazi hii inavyopasa kwenda. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 yasema katika kifungu cha 239 ya kwamba vyombo vya usalama wa nchi viko chini ya mamlaka ya raia. Kifungu cha 95 chalipa Bunge la Taifa kazi ya kugawa fedha na kuangalia matumizi yake. Bunge hilo hilo ndilo likubalilo tangazo la vita. Majeshi hayawezi kupelekwa nchi za nje kulinda amani bila kibali cha Bunge. Yakipelekwa kutuliza ghasia ndani ya nchi, ni lazima Bunge la Taifa likubali. Yakiitwa kusaidia wakati wa mafuriko au msiba mwingine, ni lazima Bunge la Taifa lipewe habari. Na kila mwaka Baraza la Usalama wa Taifa hutakiwa kulipa Bunge taarifa ya hali ya usalama.

Kwa upande wa fedha, mwaka wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Miezi miwili kabla ya mwaka kwisha, makadirio ya matumizi hupelekwa Bungeni. Kamati huyasoma, nayo imeamriwa na Katiba kusikiliza maoni ya raia kabla ya kutoa shauri lake. Fedha zikiisha kutumika, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua vitabu na kutoa taarifa katika muda wa miezi sita. Hapo Bunge lina miezi mitatu ya kuijadili na kuchukua hatua. Na kamati yoyote ikitaka kumwita mtu aje kutoa ushahidi, awe waziri au jemadari, kifungu cha 125 chaipa nguvu sawasawa na za Mahakama Kuu.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Lakini maandishi peke yake hayahesabu ng'ombe. Mara nyingi hesabu za mwaka mmoja zimejadiliwa baada ya miaka mingine kupita, wakati waliozitumia wamekwisha kustaafu. Yafaa basi kutazama mambo yaliyopata kutokea.

Mwaka 2010 kamati ya Bunge ilichunguza ununuzi wa ndege za vita za F-5 kutoka Jordan, ndege zilizokuwa zimekwisha kutumika, na ununuzi wa magari ya deraya kutoka Afrika Kusini. Swali lilikuwa jepesi, lile ambalo kila mtu aendaye mnadani kununua ng'ombe mzee hujiuliza: je, mnyama huyu ana thamani ya fedha hizi, na ni nani aliyemkagua meno? Jibu la upande wa jeshi mara nyingi lilikuwa kwamba mambo hayo ni siri ya usalama.

Tarehe 21 Septemba 2013 watu wenye silaha waliingia katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi. Watu wasiopungua 67 waliuawa, na mambo yalichukua siku nne. Baadaye ilionekana kuwa maduka yaliporwa, na mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali Julius Karangi, alitangaza ya kuwa askari wawili wamefukuzwa na kufungwa. Kamati mbili za Bunge zilichunguza kwa pamoja. Taarifa yao ilipoletwa mbele ya wabunge wote, Machi 2014, wabunge waliikataa. Mtu aweza kusema kwamba Bunge lilifanya vema kukataa kazi hafifu. Lakini mwisho wake ni huu: wafiwa hawakupata kutoka Bungeni taarifa yenye kibali cha Bunge zima.

Majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011, na Desemba mwaka ule Bunge likakubali yatiwe katika jeshi la Umoja wa Afrika. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya Kenya ya El Adde ilishambuliwa na Al-Shabaab, na askari wengi wakafa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Januari 2017, kambi ya Kulbiyow ilishambuliwa pia. Serikali haikutangaza hesabu kamili ya waliokufa El Adde. Majeneza yalirudi, vijiji vikazika, lakini taifa halikuambiwa ni vijana wangapi. Hapa ndipo mtu aonapo kwamba kusimamia jeshi si kazi ya fedha peke yake. Mbunge aulizaye kama kambi ilikuwa na ngome imara, kama msaada ulichelewa, kama onyo lilipuuzwa, hamtukani askari. Anamtetea askari wa kambi ya pili asife kwa kosa lililomwua wa kambi ya kwanza.

Jambo la karibu zaidi ni la Juni 2024. Vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Serikali iliwaita askari wa jeshi tarehe 25 kusaidia polisi, na siku iliyofuata Bunge la Taifa likatoa kibali. Chama cha Wanasheria kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu haikuwarudisha askari kambini, bali iliiamuru Serikali itangaze kwa siku mbili askari hao watafanya kazi gani, na kwa muda gani. Swali la mahakama lilikuwa ndilo lile lile la mlangoni mwa boma. Lakini lingefaa zaidi kama Bunge lenyewe lingaliliuliza kwa kituo kabla ya kutoa kibali.

Wako watu wasemao, na hoja yao haifai kudharauliwa, kwamba jeshi likiulizwa kila kitu adui atasikia. Ni kweli. Njia ya msafara wa kesho, mahali pa mizinga, majina ya wapelelezi, hayo si ya kusemwa sokoni, na kamati ya Bunge yaweza kuyasikia milango ikiwa imefungwa. Lakini bei ya buti si siri ya vita. Kiasi cha ndege zisizoruka, adui hukijua kwa kutazama mbingu. Asiyekijua ni mlipa kodi. Na idadi ya makaburi si siri kwa waliochimba. Siri ya kumficha adui ni silaha. Siri ya kumficha mwenye mali ni hatari, kwa kuwa chini ya kivuli chake mwizi na shujaa hufanana.

Wengine husema ya kuwa kuuliza ni kulishuku jeshi. Hao wakumbuke Januari 1964, hata miezi miwili haijatimia tangu Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963. Askari wa Tanganyika waliasi, wakafuatwa na wa Uganda, na tarehe 24 askari wa Kenya wakaasi katika kambi ya Lanet. Katika malalamiko yao palikuwa na mshahara na hali ya kazi. Askari hana ruhusa ya kugoma wala kuandamana, wala haifai awe nayo. Basi ni nani atakayesema kwa niaba yake kwamba fedha ya chakula chake imepunjwa, au kwamba mjane wake hajalipwa? Ni mbunge aliyekaa na daftari mbele yake. Jeshi lililosimamiwa vema hula vizuri na hulipwa kwa wakati, tena hupewa silaha zifanyazo kazi.

Na mtu wa Miasenyi afanye nini? Kwanza, ajue tarehe. Makadirio yapelekwapo Bungeni mwishoni mwa Aprili, huo ndio wakati wa kutoa maoni. Mtu, kikundi cha akina mama, au wazee wa kijiji waweza kuandika na kupeleka. Pili, kifungu cha 119 kimempa kila mtu haki ya kupeleka maombi Bungeni, wala hahitaji kuwa tajiri au msomi. Tatu, mbunge ajapo kuomba kura asiulizwe habari za barabara na visima tu. Aulizwe pia: "Taarifa ya Mkaguzi Mkuu juu ya Wizara ya Ulinzi uliisoma? Ulisema nini Bungeni?" Mbunge ajuaye kwamba ataulizwa Miasenyi hatasinzia Nairobi.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana wa Taita na Taveta wamo katika majeshi ya Kenya, nao wamepewa mkuki kwa ajili ya wote. Kuwahesabia vema silaha zao, mishahara yao na maisha yao ni heshima wanayostahili. Jua linapotua juu ya nyika, mwenye mali na asimame mlangoni mwa boma, ahesabu, na akikosa ndama, aulize.