Kidonda Ndugu na Mishipa ya Miguu: Hotuba ya Wahamasishaji wa Afya



Tumepewa dakika chache siku hii ya kumbukumbu, nasi tumeona tuseme juu ya miguu. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu walivuka hapa Gisenyi kwenda Goma, wengi kwa miguu. Na pale Petite Barrière akina mama hupita na mizigo kichwani, kisha husimama kutwa wakiuza. Mguu ndio mtaji wao.

Mwenzetu mmoja, muuza nyanya, aliuguza kidonda ndugu juu ya kifundo cha mguu kwa miaka minne. Wengine walisema amerogwa. Sisi tulimwambia apumzike, kana kwamba mapumziko yanaliwa. Kila alipokwenda kutibiwa kidonda kilisafishwa, lakini hakuna aliyemwambia asimame ili mguu mzima utazamwe. Siku alipotazamwa, mishipa ilikuwa imevimba na kujipinda hadi pajani. Wa Goma huiita varisi.

Chanzo kilikuwa huko juu. Ndani ya mishipa inayorudisha damu moyoni mna vilango vidogo. Vikiharibika, damu hurudi chini na kutuama. Ngozi karibu na kifundo huwa nyeusi na ngumu, kisha hupasuka. Bandeji ya kubana, kutoka vidoleni hadi chini ya goti, husaidia sana. Lakini muuguzi apime kwanza mapigo ya damu mguuni, maana mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa huweza kuoza. Wala si kila kidonda ni cha mishipa. Kisukari na ukoma navyo huleta vidonda.

Zamani mshipa mbovu uling'olewa kwa kupasua. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 madaktari huingiza waya mwembamba kupitia tundu la sindano, wakitazama kwa ultrasaundi, na kuufunga mshipa kwa joto. Au hudunga dawa iliyofanywa povu. Ganzi hutiwa mguuni tu, na mgonjwa huenda nyumbani siku ileile. Katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, wenye wagonjwa 450, wote walifungwa bandeji. Nusu ya waliotibiwa mshipa mapema walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Kwa waliocheleweshwa, siku ya 82.

Ndugu wa mashirika, hatuombi mashine kambini. Tunaomba bandeji zisikatike, na karatasi ya rufaa itolewe kidonda kikipita majuma mawili bila kupona. Mwenzetu bado anangoja yake.