Rezidenti Anapoomba Kuongoza Mafunzo ya Tiba ya Dharura



Mada hii ina maslahi yangu ndani yake, na ni vyema niyataje mapema. Nimeomba nafasi ya kuratibu mafunzo katika idara yetu ya magonjwa ya dharura ilhali bado nasomea ubingwa. Wapo waliouliza, na wana haki, mwanafunzi atawaongozaje wanafunzi wenzake.

Naomba tuiangalie zamu ya usiku. Saa nane, bingwa aweza kuwa nyumbani akisubiri simu. Aliye kando ya kitanda pamoja na daktari tarajali ni rezidenti, daktari anayesomea ubingwa. Ndiye anayemwonyesha namna ya kubana barakoa usoni ili hewa isivuje, na lini aache kuhangaika na mishipa ya mkono ya mtoto aliyekaukiwa maji, aingize sindano kwenye mfupa wa muundi. Mafunzo haya hayamo katika ratiba, wala hakuna anayeyajibia. Kwa hiyo tarajali wa Jumatatu huambiwa kwamba adrenalini ya mzio mkali huchomwa kwenye msuli wa paja, miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Wa Alhamisi huiona ikichomwa chini ya ngozi, kwa mazoea tu. Wote wawili wataondoka wakiamini wamefundishwa.

Rezidenti tayari anafundisha, tupende tusipende. Ninachoomba ni kwamba ufundishaji huo uwe na mwenyewe.

Na jambo hili si geni. Huko Cincinnati, Marekani, mafunzo ya ubingwa wa dharura yalianza mwaka 1970 na daktari mmoja, ambaye hakuwa na bingwa wa fani hiyo wa kumfundisha. Marezidenti wa Marekani waliunda chama chao mwaka 1974, miaka 5 kabla fani yenyewe haijatambuliwa rasmi kuwa ubingwa. Kwetu Tanzania, idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na shahada ya uzamili ikaanza katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) mwaka huohuo kwa msaada mkubwa wa walimu wa kutoka nje. Wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2013, na baadhi yao wakageuka walimu mara moja. Nani aliwafunza kufundisha? Walijifunzia kazini.

Sasa mzigo umeongezeka. Fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021 zimejenga majengo ya dharura katika hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Bingwa anayepangiwa huko huenda akawa peke yake, na siku ya kwanza tu matabibu na wauguzi watamtazama yeye. Kozi ya msingi ya huduma za dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 2018, inamsaidia. Lakini kitabu hakipangi zamu, hakimshawishi mganga mfawidhi, wala hakimtulizi muuguzi mzoefu anayeona anafundishwa na kijana.

Nafasi ninayoiomba isiwe cheo cha kuandika kwenye barua. Mratibu apewe saa za kufundisha ambazo hazimezwi na upungufu wa watu kwenye zamu. Hili ndilo gumu kuliko yote, na najua wenzangu ndio watakaohudumia wagonjwa wangu saa hizo. Awe na bingwa mmoja anayepitia anachofundisha. Wauguzi wakae darasa moja na madaktari, kwa sababu kwenye chumba cha kufufulia wagonjwa hufanya kazi pamoja. Muda wake uwe mwaka mmoja, usiwe mwaka wa mtihani wa mwisho.

Kipimo cha kazi yake kiwe mazoezi ya ghafla ndani ya zamu, mchana na usiku, yakisimamiwa na muuguzi kiongozi wala si mratibu mwenyewe. Idara ikiona nafasi hii anaistahili mwingine, apewe. Ila masharti haya yasipunguzwe.